Mmea chotara wa spishi mbili, na kwa nini wakati mwingine hauzai mbegu

Mkulima wa Kisumu akitaja mbegu chotara, aghalabu anamaanisha pakiti ya kabichi ya F1 (kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti) aliyonunua agroveti. Hiyo ni kabichi iliyozaliwa na kabichi wawili, na si tasa. Ukivuna mbegu zake utapata tu mimea isiyolingana. Uchotara tunaoueleza hapa ni wa wazazi wa spishi tofauti.

Sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli zote ni spishi moja, Brassica oleracea, yenye kromosomu 18 (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli). Nyuki akizichanganya, watoto huzaa kama kawaida. (Spinachi ya sokoni haimo kabisa, ni ndugu wa biti.) Kanzira, inayoliwa sana magharibi mwa Kenya, ni Brassica carinata, yenye kromosomu 34. Yenyewe ni chotara wa kale: ilibeba 16 za haradali nyeusi na 18 za oleracea. Undugu wa aina hii kati ya spishi sita za Brassica ulichorwa kama pembetatu na mtaalamu wa mimea Woo Jang-choon mwaka 1935.

Sasa chavusha kanzira kwa sukuma wiki. Kila mzazi hutoa nusu ya kromosomu zake: kanzira inatoa 17, sukuma 9, mtoto anapata 26. Mmea wenyewe unaweza kunawiri. Kasoro hujitokeza kwenye maua, kwa sababu wakati wa kuunda chavua na vijiyai kila kromosomu hutafuta mwenzake. Zile 9 za sukuma zinawapata wenzao 9 ndani ya kanzira. Zile 8 za haradali hazina wa kushikana naye, zinatapanyika ovyo, na chavua nyingi hutoka ikiwa imekufa. Maganda ya mbegu hubaki membamba, yenye mbegu moja moja au matupu.

Dawa ni kuongeza kromosomu maradufu ili kila moja ipate pacha. Hutokea kwa nadra yenyewe, au kwa kolchisini, ambayo ni sumu ya maabara, si ya kujaribia nyumbani. Karpechenko, mwanasayansi Mrusi, aliona jambo hilo miaka ya 1920: chotara wa figili na kabichi, mwenye kromosomu 18, alikuwa karibu tasa, wazao wake wachache wenye 36 walizaa vizuri.

Anayetaka kujaribu aifanye kanzira mama, kwani mzazi mwenye kromosomu nyingi akiwa mama mara nyingi mbegu hushika zaidi. Fungua tumba siku moja au mbili kabla halijachanua, ng'oa stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) zote 6 kwa kibano, paka chavua mbichi ya sukuma, funika kwa mfuko wa karatasi, andika tarehe. Ukichelewa, kanzira hujichavusha na utavuna kanzira tupu ukidhani ni chotara. Hata chavua ikishika, kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu) mara nyingi hufa kwa kukosa chakula ndani ya mbegu. Watafiti hukitoa mapema na kukikuza kwenye chupa.

Kwa hiyo anayehifadhi mbegu za kanzira asihangaishwe sana na sukuma ya jirani. Aangalie kanzira ya aina nyingine iliyochanua karibu. Hiyo huchanganyika bila kipingamizi.