Syrah: dhana potofu zinazoiandama divai hii nyekundu

Dhana: Syrah ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi.
Hadithi yenyewe ni tamu. Inasemwa kuwa Gaspard de Stérimberg, askari wa vita vya msalaba, alirudi Ufaransa na mche wa mzabibu, akaupanda kwenye kilima cha Hermitage na kuishi pale kama mtawa. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya 1990 vilionyesha vingine: Syrah, ambayo ni jina la zabibu na pia la divai yake, ilizaliwa na Dureza, zabibu nyeusi ya Ardèche, na Mondeuse Blanche, zabibu nyeupe ya Savoie. Ni Mfaransa kwa baba na kwa mama. Shiraz ya Australia ndiyo Syrah hiyohiyo. Miche yake ilipelekwa huko na James Busby mwaka 1832. Petite Sirah, kinyume chake, ni zabibu nyingine, mtoto wa Syrah na Peloursin.

Dhana: Ile pilipili manga unayoisikia imetiwa.
Haitiwi kitu. Harufu hiyo inatokana na rotundoni, kemikali inayojijenga kwenye ganda la zabibu na ambayo imo pia ndani ya pilipili manga yenyewe. Watafiti wa Australia waliitangaza mwaka 2008. Mashamba yenye ubaridi na misimu isiyo na joto kali huwa na rotundoni nyingi zaidi, ndiyo maana Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône hunukia pilipili, zeituni nyeusi na nyama ya kukaushwa kwa moshi, wakati ile ya nchi ya jua kali huelekea kwenye matunda yaliyoiva mno na chokoleti.

Kuna jambo moja hapa linaloleta ubishi mezani bila sababu: takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa rotundoni. Mwenzako akiapa kwamba divai inanukia pilipili na wewe huisikii kabisa, huenda nyote wawili mnasema kweli.

Dhana: Ikiwa nyeusi sana, basi ina kilevi kikali.
Kamua punje moja ya Syrah kwa vidole: maji yake ni karibu meupe. Rangi yote imo kwenye ganda. Kilevi hutokana na sukari inayoliwa na hamira, na sukari haina uhusiano na weusi. Ili kuipata rangi hiyo, maji ya zabibu huachwa yachachuke pamoja na maganda, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Hewa ya ukaa huyapandisha maganda juu, yakafanya tabaka nene lenye joto, na mtengenezaji hulisukuma chini au hulimwagia divai iliyovutwa kutoka chini ya tangi. Akizembea, tabaka hilo hukauka na kuanza kunukia siki.

Dhana: Kuchanganya zabibu nyeupe ni kuchakachua.
Kwenye Côte-Rôtie, eneo la divai la kaskazini mwa Rhône, sheria inaruhusu hadi asilimia 20 ya Viognier, zabibu nyeupe, mradi zichachuke pamoja na Syrah. Wengi hutia chini ya hapo, na wengine hawatii kabisa. Ajabu ni kwamba nyeupe hiyo husaidia kuishikilia rangi nyekundu. Cornas, eneo jingine la Rhône, kwa upande wake hairuhusu chochote ila Syrah.

Dhana: Ukakasi mdomoni ni dalili kwamba imeharibika.
Ukakasi ni kazi ya tanini za maganda, mbegu na pipa la mwaloni, na hulainika divai ikizeeka. Usiuchanganye na uchachu: uchachu huleta mate, ukakasi huyakausha. Hata harufu ya kiberiti wakati wa kufungua chupa isikutishe haraka. Syrah ina tabia hiyo ikikosa hewa wakati wa kutengenezwa. Izungushe kwenye glasi, mara nyingi huondoka.

Dhana: Divai nyekundu hunywewa kwa joto la chumba.
Chumba kipi? Syrah hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ikipanda hadi 25, kilevi hutangulia puani na pilipili haisikiki tena. Dakika 20 kwenye friji zinatosha.