Ndege Pana kwenye Safari Fupi: Maana Yake na Sababu Zake

Ndege pana ni ile yenye njia mbili za kupita kati ya viti. Ukiingia unakuta viti vya dirishani kushoto, kundi la katikati, kisha vya dirishani kulia. Boeing 787 na 777, Airbus A330, A350 na A380 zote ziko kwenye jamaa hii. Nyembamba, kama Boeing 737 na Airbus A320, ina njia moja tu, viti vitatu huku na vitatu huku.

Wengi tumezoea kuzitenga kwa safari: nyembamba ni ya Mombasa na Mwanza, pana ni ya Ulaya na Marekani. Hapo ndipo dhana inapopotoka. Upana wa kiwiliwili unaeleza ndege inabeba watu na mizigo kiasi gani kwa mkupuo mmoja. Inafika mbali kiasi gani ni suala jingine, la mafuta, mabawa na uzito inaoruhusiwa kuruka nao. Airbus A300, ndege pana ya kwanza ya injini mbili, ilibuniwa kwa safari fupi na za kati, na Air France ilianza nayo kazi Mei 1974 kati ya Paris na London.

Nchi iliyolifanya jambo hili kuwa la kila siku ni Japani. Kutoka uwanja wa Haneda, Tokyo, kwenda Sapporo au Fukuoka ni chini ya kilomita 1,000, saa moja na nusu hivi, na kwa miongo mingi watu wamesafirishwa huko kwa ndege ambazo kwingine huvuka bahari. Sababu kubwa ni nafasi za kuruka na kutua. Haneda imejaa, na kila ndege hutumia nafasi moja, iwe na watu 150 au 500. Ni hesabu ya mwenye mabasi aliyepewa zamu moja tu ya kutoka stendi alfajiri: hapeleki kosta, anapeleka basi kubwa kuliko yote aliyonayo. Kwenda Sapporo kuna sababu ya ziada, kwani treni ya kasi ya Shinkansen haijafika huko.

Boeing iliwatengenezea Wajapani 747 maalumu, 747SR, iliyoanza kazi Japan Airlines mwaka 1973. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ndege ikipanda, hewa ya ndani hukandamizwa ili abiria wapumue, na kiwiliwili hutanuka kidogo, ikishuka, hurudi. Tendo hilo moja huitwa mzunguko. Ndege ya masafa marefu hufanya mzunguko mmoja au miwili kwa siku, ya Haneda huweza kufanya mitano au sita. Chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa huchoka, kama waya unaoupinda mpaka ukatike. Kwa hiyo SR iliimarishwa kiwiliwili, mabawa na magurudumu. Iliyofuata, 747-400D, ilipakiwa viti zaidi ya 560, tena iliondolewa ncha zinazosimama mwishoni mwa mabawa, kwa kuwa mafuta zinayookoa kwenye safari fupi hayalipi uzito wake.

Uchovu huo wa chuma si nadharia. Tarehe 12 Agosti 1985, 747SR ya Japan Airlines iliyotoka Haneda kwenda Osaka ilianguka mlimani, watu 520 wakafa na wanne tu wakapona. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ulikuwa umeharibika mwaka 1978 mkia ulipogusa ardhi, ukatengenezwa vibaya, na kila mzunguko ukaendelea kuulegeza hadi ukapasuka. Kosa lilikuwa la matengenezo, lakini wingi wa mizunguko haukuliacha lijifiche milele.

Kwetu Tanzania sababu ni nyingine. Kwa miaka mingi KLM, shirika la ndege la Uholanzi, imetoka Amsterdam ikashusha Kilimanjaro kisha ikamalizia Dar es Salaam kwa ndege ileile pana. Kipande cha mwisho ni kifupi, ila kwa kawaida shirika la nje haliruhusiwi kuuza tiketi za ndani ya nchi, hivyo huwezi kupanda Kilimanjaro ukashukia Dar. Air Tanzania nayo ilipopokea 787 yake ya kwanza Julai 2018, yenye viti 262, iliitumia kwanza Kilimanjaro na Mwanza, kabla ya safari za Mumbai kuanza mwaka uliofuata. Naona lilikuwa jambo la busara kwa muda ule: marubani na wahudumu hupata kuruka na kutua mara nyingi karibu na mafundi wao. Kama mpango wa kudumu ingekuwa hasara, kwa sababu ada nyingi za kutua hupimwa kwa uzito, na kubeba bawa na matangi ya kwenda India kwa safari ya saa moja na nusu ni kubeba mzigo usiolipiwa.

Julai 2019 Emirates, shirika la ndege la Dubai, ilianza kupeleka A380 Muscat, mji mkuu wa Oman, kilomita 340 hivi kutoka Dubai, karibu dakika 40 angani. Abiria wengi wa njia hiyo hawaishii Dubai. Wanaunganisha kwenda mbali zaidi, na kipande hicho kifupi ndicho kinachojaza viti vya safari ndefu.