Picha ya CT "haina kitu", mgonjwa kapooza

Tunapoelekea Siku ya Kiharusi Duniani, Oktoba 29, lalamiko linalotufikia idara ya radiolojia ni lilelile: mgonjwa kapooza mkono, mdomo umekwenda upande, kapigwa picha ya CT (eksirei inayoonyesha ubongo vipande kwa vipande), daktari anasema haina kitu. Ndugu wanaamua kuwa mashine ni mbovu, au wanamhamishia kwa mganga. Mashine si mbovu.

Kiharusi kinapotokana na mshipa kuziba, saa za mwanzo picha inaweza kuwa safi kabisa. Kwanza tunatafuta damu iliyovuja, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua anayevuja. Damu mbichi huonekana nyeupe mara moja. Sehemu iliyokosa damu hufifia polepole: mpaka wa tabaka la kijivu na jeupe la ubongo unapotea, mikunjo yake inabanana. Wakati mwingine mshipa ulioziba wenyewe ndio unaong'aa kupita kawaida.

Kwa eneo la mshipa wa kati wa ubongo tunatumia kipimo cha ASPECTS, yaani alama za kukadiria kwenye CT sehemu zilizoathirika, kilichochapishwa na madaktari wa Calgary, Kanada, mwaka 2000. Eneo lina sehemu 10. Tunaanza na alama 10, tunatoa moja kwa kila sehemu iliyoathirika. Hizi si alama za mtihani wa shule. Mwenye 10 anaweza kuwa hawezi kutamka hata jina lake, na kiharusi cha kisogoni hakimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Sasa muda. Alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, zikihesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala saa 4 usiku akaamka saa 12 asubuhi kapooza, tunahesabu tangu saa 4 usiku. Tafadhali msitupunguzie saa mkidhani mnamsaidia.

Fomu ya kuomba picha ya CT ijazwe umri, upande uliopooza, saa ya mwisho alipoonekana mzima na dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Sukari ipimwe, kwani ikishuka huiga kiharusi. Hereni, vibanio vya nywele na meno ya bandia vitolewe. Asipewe aspirini, chai wala uji kabla hajapimwa uwezo wa kumeza. Aliyepewa alteplase hupigwa picha tena baada ya saa 24 kuangalia kama kuna damu iliyovuja. Huo ni utaratibu wa matibabu, si njia ya kuongeza bili.