Kuimba vibaya kwenye televisheni hakuui albamu

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Nguba, wasanii chipukizi huonywa jambo moja: ukikosea mara moja kwenye televisheni, hakuna atakayenunua muziki wako tena. Wengine wanakataa mialiko kwa hofu hiyo, na inaniuma, kwa sababu historia haisemi hivyo.

Tarehe 23 Oktoba 2004, mwimbaji Mmarekani Ashlee Simpson alisimama kuimba wimbo wake wa pili usiku huo kwenye Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha vichekesho na muziki cha Marekani. Ikafunguliwa sauti iliyorekodiwa, tena ya wimbo alioumaliza kuimba! Kipaza sauti kilikuwa bado mbali na mdomo. Alicheza kidogo, akaondoka jukwaani. Alichekwa dunia nzima, lakini mwaka uliofuata albamu yake I Am Me ilianza katika nafasi ya 1 Marekani. Mwimbaji mwingine Mmarekani, Lana Del Rey, naye alisemwa vibaya kwa alivyoimba kwenye kipindi hichohicho Januari 2012. Wiki chache baadaye albamu yake Born to Die iliingia nafasi ya 2 huko, na ya 1 Uingereza.

Kinachoumiza mauzo kweli ni milango ya vyombo vya habari kufungwa. Mwimbaji Janet Jackson, baada ya titi lake kufunuliwa mbele ya kamera kwenye onyesho la Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Februari 2004, hakulaumiwa kwa sauti. Nyimbo zake zilipungua redioni na kwenye MTV, kituo cha televisheni cha muziki, na albamu yake Damita Jo ikauza chini ya ile iliyoitangulia.

Kwa hiyo, kijana wa Kadutu, ukialikwa nenda. Uliza mapema kama utaimba mubashara, na ufike kujaribu vyombo.