Mtoto Anayelemewa na Sauti, Mguso au Mwendo: Maswali na Majibu Kuhusu Tiba

Ugumu wa kuchakata hisia ni nini?

Ubongo hupokea taarifa wakati wote kutoka machoni, masikioni, puani, ulimini na kwenye ngozi, na pia kutoka sehemu mbili ambazo wengi huzisahau: sikio la ndani, linalotambua kama mwili umeinama au umesimama wima, na misuli pamoja na viungo, vinavyotujulisha mkono ulipo hata tukiwa tumefumba macho. Kwa baadhi ya watoto taarifa hizo hufika kwa nguvu kupita kiasi, na kwa wengine hufika zikiwa hafifu. Mtoto wa aina ya kwanza huziba masikio mashine inapowashwa, hupiga mayowe akikatwa kucha, au hulivua shati kwa sababu ya lebo ndogo ya shingoni. Wa aina ya pili hujibamiza ukutani, hutafuna kola na huzunguka muda mrefu bila kuonekana kupata kizunguzungu. Wapo pia wenye dalili za pande zote mbili.

Je, si utukutu tu?

La. Mtoto aliyelemewa mara nyingi hatulii hata akipewa anachokipenda, na kumchapa humwongezea hofu bila kumpunguzia anachokihisi.

Je, huu ni ugonjwa unaojitegemea?

Wataalamu hawajakubaliana. Toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, lililotolewa mwaka 2013, haliutambui kuwa ugonjwa peke yake, ingawa linataja kuhisi kupita kiasi au kutohisi vya kutosha miongoni mwa dalili za usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza usikivu, macho na ukuaji wake kwa jumla, kwa kuwa usonji, tatizo la umakini au hofu iliyozidi vinaweza kujificha nyuma ya dalili hizi, na kila kimoja kina msaada wake.

Tiba yenyewe hufanywaje?

Hutolewa na mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mtu kuzimudu shughuli za kila siku. Msingi wake uliwekwa na A. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani, katika miaka ya 1960 na 1970. Chumba huwa na bembea, magodoro, mipira mikubwa na vitu vya kukwea, na kwa mtazamaji kazi nzima huonekana kama mchezo. Chukua mfano wa mtoto anayeogopa miguu yake kuachana na sakafu. Bembea huteremshwa hadi nyayo ziguse chini, naye hujisukuma mwenyewe na kusimama anapotaka. Akishazoea, bembea huinuliwa kidogo tu. Halazimishwi kamwe, na mzazi akiona mwanawe anabebwa kwa nguvu na kuwekwa juu ya bembea huku akilia, ana kila haki ya kuomba kipindi kisimamishwe.

Je, inasaidia kweli?

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza kuwa tiba hii inaweza kuwa sehemu ya mpango mpana wa matibabu, ila wazazi waambiwe wazi kwamba ushahidi wake ni mdogo. Baadhi ya tafiti za baadaye kuhusu watoto wenye usonji zilionyesha nafuu, lakini zilihusisha watoto wachache. Kwa maoni yangu, jambo la maana ni kukubaliana tangu mwanzo juu ya lengo linaloonekana, kwa mfano kupiga mswaki bila kulia, pamoja na muda wa kulipima. Muda huo ukipita bila mabadiliko, mpango ubadilishwe.

Nyumbani tufanye nini?

Kata lebo za nguo, mwonye mtoto kabla ya kuwasha chombo chenye kelele, na umshike kwa mkono uliotulia, kwani mguso mwepesi huwakera wengi wao kuliko mgandamizo thabiti. Blanketi zito asipewe mtoto mchanga, na mkubwa asifunikwe nalo kama hawezi kuliondoa mwenyewe. Mtoto akikataa vyakula hadi apungue uzito, au akipoteza maneno aliyokuwa ameshayajua, mpeleke kwa daktari bila kungoja zamu yake ya tiba.