Saiko kwenye kulingi tawa maana yake nini?

Ushawahi kusahau mchuzi wa sato jikoni? Maji yanapungua, chumvi uliyotia ni ileile, ila ukionja unakunja uso. Kulingi tawa, ile minara ya kupoza maji kwenye viwanda vya samaki na vya barafu, inafanya hivyohivyo kila siku. Maji ya moto yanamwagwa toka juu, feni inavuta hewa, kiasi kidogo kinageuka mvuke na kuondoka na joto, yanayobaki yanadondoka chini yamepoa yanarudi kazini. Kwa makadirio ya mafundi, ukishusha joto nyuzi 6 hivi, kama asilimia 1 ya maji yanayozunguka imeenda hewani. Ila yanaenda maji tu, madini yanabaki, halafu floti, lile boya linalofungua bomba maji yakipungua, inafungulia mapya yaliyobeba madini yake.

Sasa saiko ni namba ya madini yamekolea mara ngapi kulinganisha na maji yaliyoingia. Chukua kipimo cha kondaktiviti, yaani maji yanapitisha umeme kiasi gani, maana madini yakizidi nayo inapanda; maji ya bomba yakisoma 100 na mnara ukasoma 500 basi uko saiko 5, na ili yasizidi hapo unamwaga kidogokidogo, ndo blodauni hiyo.

Hesabu yake ni tamu. Tuseme mvuke unakula uniti 10 kwa siku: kwenye saiko 2 unamwaga 10 nyingine, kwenye saiko 5 unamwaga 2.5 tu, ukipanda mpaka 10 unamwaga kama 1.1, yaani faida kubwa ushaipata mwanzoni, usijiue kutafuta 20.

Huku Mwanza tuna bahati, maji ya Ziwa Victoria ni laini, kondaktiviti yake inacheza kwenye 100 hivi, kwa hiyo mtu anayekopi setingi za maji ya kisima chenye chumvi anamwaga hela. Niliwahi kukuta valvu ya blodauni iko wazi usiku na mchana, eti kwa usalama, na dawa ya bei ya kutibu maji inaenda mtaroni pamoja na maji.

Ila maji laini nayo yanakula chuma, dawa ya kutu lazima. Halafu kuna mwani na ute, kwenye jua na uvuguvugu vinaota haraka, na ute unazuia joto kuliko hata ukoko wa chokaa, kompresa ya mtambo wa baridi inahema na bili ya umeme inapanda. Uvuguvugu huohuo ndo bakteria wa lejionela wanaupenda, wanaruka na matone madogo mpaka kwenye mapafu ya watu, kwa hiyo klorini sio ya kuruka wiki. Ukishaweka funga blodauni masaa kadhaa, la sivyo unaitibu mitaro.

Na ukiona saiko inashuka wakati blodauni umeifunga, usiguse dozi ya dawa, mahali fulani maji yanatoka. Anza na floti, mara nyingi imekwama na beseni linafurika kimyakimya kwenye bomba la ovafulo.