Ukuta wa gitaa umerudi: kuisikiliza Lust for Gold ya Starflyer 59

Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya muziki. Kijana akiniuliza gitaa nzito hujengwaje, humwambia aanze na Starflyer 59. Ni bendi ya Riverside, California, iliyoanza mwaka 1993, na moyo wake ni mtu mmoja: Jason Martin, anayetunga, anayeimba na kupiga gitaa, huku wenzake wakija na kuondoka. Lust for Gold, albamu yao ya 2024, imenishika kwa sababu Martin amerudi kwenye sauti aliyoiacha zamani. Jina lenyewe linaikumbusha Gold, albamu yao ya 1995.

Sauti hiyo ni ya shugezi, mtindo uliozaliwa Uingereza na Ireland mwishoni mwa miaka ya 1980. Wapigaji walikuwa na pedali nyingi miguuni, yaani vifaa vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa, wakawa wanainama kuzitazama shoo nzima kana kwamba wanatazama viatu vyao, na jina likatokana na hapo: kwa Kiingereza shoegaze, kutazama viatu. Martin aliuchukua mtindo huo akauongezea uzito wa gitaa za roki ya Kimarekani.

Sauti hiyo nene ya gitaa nyingi kwa pamoja ndiyo ninayoiita ukuta, na unajengwa hivi. Unapiga kipande kimoja cha gitaa, unakirekodi, kisha unakipiga tena tangu mwanzo mpaka mwisho. Cha kwanza unakiweka kushoto, cha pili kulia. Wengi hudhani wanaweza kunakili kile cha kwanza na kukibandika upande wa pili. Haiwezekani. Nakala mbili zinazofanana kabisa sikio hulisikia gitaa moja tu, limekaa katikati, limeongezeka nguvu basi. Unene unatoka kwenye tofauti ndogo za mkono wa binadamu: hapa kidole kimechelewa sehemu ndogo sana ya sekunde, pale waya umevutwa ukapanda kidogo. Sikio linazikusanya tofauti hizo na kuzisikia kama upana. Ongeza vipande viwili vingine vyenye mkwaruzo (sauti ya gitaa iliyochafuliwa makusudi) wa aina nyingine, na wimbo unakuwa kama mawimbi yanayokuja bila kupumzika.

Shida inakuja kwenye uimbaji. Gitaa lenye mkwaruzo mwingi hujaza eneo la kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ni kipimo cha sauti kuwa nene au nyembamba), na humo humo ndimo zinamokaa konsonanti zinazotufanya tuelewe neno. Martin huimba chini chini, karibu kama anayezungumza na mtu aliyekaa naye kiti kimoja. Ukiipandisha sauti yake kwa nguvu, ukuta unabomoka. Ukiiacha, maneno yanazama. Dawa ninayoiamini ni kupunguza kidogo eneo hilo kwenye gitaa za katikati, na kuziacha za pembeni ziungurume. Uimbaji unapata kijia chembamba cha kupita. Nikiisikiliza Lust for Gold nasikia kijia hicho: maneno yanafika, ila lazima uyasogelee.

Ugumu huu ndio ninaodhani ulimfanya Martin auache ukuta. Mwaka 2001 alitoa Leave Here a Stranger chini ya utayarishaji wa Terry Scott Taylor, na ikachanganywa kwa mono. Katika mono hakuna kushoto wala kulia, kwa hiyo kila chombo lazima kistahili nafasi yake. Baadaye zikaja albamu za vinanda na gitaa safi, lisilo na mkwaruzo. Nazipenda, na sitaki mtu aziruke akidhani ni miaka ya kupotea. Huko ndiko alikojifunza kutunga melodia inayosimama hata ukiivua mapambo yote. Sasa ukuta umerudi, na chini yake upo wimbo kamili. Kwangu hapo ndipo albamu mpya inapozishinda zile za ujana wake.

Na imani ya Kikristo iko wapi? Bendi hii ililelewa na Tooth & Nail, kampuni ya kutoa muziki iliyoanzishwa na Brandon Ebel mwaka 1993, na kaseti na CD zake ziliuzwa katika maduka ya vitabu vya Kikristo Marekani. Katika soko lile wanunuzi wengi walitarajia jina la Yesu katika kila kiitikio. Martin hakuandika hivyo. Mashairi yake ni mafupi, ya mtu mzima anayejikagua: umri, ndoa, kazi, majuto, neema asiyostahili. Amewahi kuendesha malori katika biashara ya familia yake huku akitoa albamu, na kwenye Young in My Head ya 2019 aliyepiga dramu ni mwanawe. Nami niliyekulia kwenye kwaya naona huo ni ushuhuda wa kweli. Zaburi nyingi nazo ni mtu anayelia na kuhesabu siku zake.

Ukiisikiliza, tumia spika mbili au hedifoni nzuri. Kwenye spika moja ya simu kushoto na kulia vinamwagwa mahali pamoja, na ukuta wote unageuka kuwa mkwaruzo mmoja bapa. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata gitaa la kushoto peke yake. Mara ya pili fuata la kulia, usikie linavyochelewa.